Mtoto Anayeshindwa Kula: Mwongozo Kamili wa Kumlisha kwa Usalama, Tangu Kuzaliwa Hadi Miaka Mitatu

Mtoto akishindwa kunyonya au akikataa kijiko, nyumba nyingi humlisha kwa nguvu. Analazwa chali mapajani, pua inabanwa, uji unamiminwa mdomoni mpaka kikombe kiishe. Kikombe kinaisha kweli. Lakini mtoto aliyebanwa pua hana pa kuvutia pumzi ila mdomo uleule uliojaa uji, na uji huo hufuata hewa hadi mapafuni. Nimonia ya kwanza inakuja, kisha ya pili na ya tatu, na hakuna anayekumbuka kikombe.

Mlishaji huamua mkao, uzito wa chakula (yaani kiwe chepesi kama maji au kizito kama uji mzito) na wakati wa kula. Kumeza ni kazi ya mtoto mwenyewe, wala hakuna anayeweza kumfanyia. Kwa hiyo tengeneza mkao kwanza, halafu uzito wa chakula, halafu mwendo wa kijiko. Kiasi kije mwisho. Walishaji wengi huanza na kiasi, ndiyo maana hawafiki.

Kabla ya yote: je, apelekwe hospitali leo?

Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, akiwa na lolote kati ya haya: hanyonyi kabisa au amelegea na hajisogezi mpaka aguswe, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika huku ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, joto la mwili limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, viganja na nyayo vimekuwa vya njano. Hapo tatizo si kunyonya. Ni ugonjwa, na kutonyonya ni dalili yake.

Kwa mtoto wa umri wowote, tazama na usikilize wakati wa kula. Kukohoa kila mlo, macho kutoa machozi, sauti kuwa ya majimaji kama ya mtu mwenye kohozi, midomo kugeuka rangi, pumzi kukatika: hizo ni dalili kwamba chakula kinaingia njia ya hewa. Wapo pia ambao chakula huingia mapafuni bila wao kukohoa hata kidogo, hasa wenye udhaifu wa misuli. Hao utawajua kwa homa zisizoisha na kifua kinachorudi kila mara. Mtoto anayetoka jasho kichwani akinyonya, akachoka baada ya dakika chache na kuhema, achunguzwe moyo. Uganda Heart Institute, iliyoko Mulago, ndiyo hupokea watoto hao wakipewa rufaa.

Kisha angalia mdomo kwa tochi na kidole kilichonawishwa. Utando mweupe ulimini na mashavuni usiotoka ukifutwa ni fangasi. Unauma, nao huwafanya watoto wengi waanze kunyonya halafu waachie wakilia. Dawa yake ipo kituoni. Papasa kaakaa hadi nyuma, kwa sababu tundu la kaakaa laini halionekani kwa nje na linaweza kupita siku nyingi bila mtu kujua. Ulimi uliofungwa na ukano mfupi huzuia kunyonya mara chache tu. Ukizuia kweli, ukano huo hukatwa na daktari wa hospitali.

Kuna jambo ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto wa miezi michache ni meno ya utotoni yanayongoja kuota. Wanaoviita ebinyo, yaani meno ya uongo, huvichimbua kwa spoku ya baiskeli au kisu, na mtoto huvuja damu, hupata pepopunda, sumu ya damu, hata virusi kutoka kwenye chombo kilichotumika kwa mwenzake. Wanaokata kimeo humwachia mtoto madhara yaleyale. Jajja (bibi) au shangazi akisisitiza, asikilizwe kwa heshima, kisha mtoto apelekwe kituoni. Huko huonekana kilichomkataza chakula, kwa kawaida malaria, maambukizi ya sikio, vidonda vya mdomo au kuharisha.

Mtoto mchanga asiyeweza kunyonya

Aliyezaliwa kabla ya wiki 34 za mimba mara nyingi bado hajui kupanga pamoja kunyonya, kumeza na kupumua. Aliyetimiza miezi yake lakini akachelewa kulia, mwenye hali ya Down (Down syndrome), au mwenye tundu la kaakaa naye anaweza kukosa nguvu za kuvuta. Dawa ni moja: maziwa ya mama yakamuliwe, anyweshwe kwa kikombe, huku akiendelea kuwekwa titini kila mara ajifunze.

Kukamua kuanze ndani ya saa sita baada ya kujifungua, saa ya kwanza ikiwezekana. Nawa mikono kwa sabuni. Papasa titi taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi, si kwenye chuchu. Sukuma kuelekea mbavuni, kisha bana na uachie, bana na uachie. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Ukiona ngozi inauma, unateleza. Dakika tatu hadi tano titi moja, hamia la pili, rudi la kwanza, mpaka dakika 20 hadi 30 zitimie. Fanya hivyo angalau mara nane kwa siku, na usiku usiruke. Siku za mwanzo yatatoka matone tu, na matone hayo ya njano ndiyo mtoto anayoyahitaji. Yakikauka baadaye, huenda ni kwa sababu ukamuaji wa usiku uliachwa. Maziwa yaliyofunikwa hukaa saa nne penye kivuli nyumbani, siku nne ndani ya friji.

Kikombe kiwe kidogo, chenye ukingo laini. Hakuna haja ya chupa. Chuchu yake ni ngumu kusafisha vizuri, nayo humimina hata mtoto asipokuwa tayari, ilhali kikombe huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kazi ikaisha.

1. Mkalishe mtoto wima kabisa mapajani pako, mgongo, shingo na kichwa vikishikwa kwa mkono mmoja. Mfunge mikono kwa kitambaa asipige kikombe.
2. Jaza kikombe nusu. Ukingo uguse mdomo wa chini kwa wepesi, pembe zake zikifika kwenye pembe za mdomo wa juu.
3. Inamisha mpaka maziwa yafike tu mdomoni. Usimimine. Ukimimina, umerudi kwenye kulisha kwa nguvu kwa chombo kidogo zaidi.
4. Subiri. Mtoto mdogo sana atalamba kwa ulimi kama paka, mkubwa kidogo atafyonza. Kikombe kibaki palepale anapopumzika.
5. Akifunga mdomo au akigeuza uso, amemaliza. Mcheulishe.

Maziwa yakimwagika sana kifuani, ama kikombe kimeinamishwa kupita kiasi ama mtoto amelala nyuma. Weka kitambaa chini ya kidevu ujue kiasi kilichopotea.

Sasa kiasi. Mtoto wa kilo 2.5 au zaidi anahitaji mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara nane, yaani kila saa tatu. Wa kilo 2.8 atapata 420 kwa siku, kama 50 hadi 55 kila mara. Wa chini ya kilo 2.5 huanza na mililita 60 kwa kilo siku ya kwanza, huongezwa 20 kwa kilo kila siku mpaka zifike 200, naye alishwe mara 8 hadi 12. Huyu asimamiwe na wauguzi, akifungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Pima kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na ncha, linauzwa duka la dawa. Mlo mmoja ukiwa mdogo usihangaike. Angalia jumla ya saa 24.

Utajua yanatosha akikojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya siku ya tano, akiwa amerudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili, kisha akiongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mizani haidanganyi, kwa hiyo kitabu cha kliniki kijazwe kila mnapokwenda.

Mdomo sungura na tundu la kaakaa

Mdomo ukiwa umepasuka peke yake, mtoto hunyonya. Titi lenyewe huziba pengo, au mama huliziba kwa kidole gumba. Kaakaa likiwa na tundu, mtoto hawezi kufyonza hata akijitahidi saa nzima, kwa kuwa hewa hupita puani. Ndiyo maana mtoto wa namna hii huonekana ananyonya mchana kutwa na bado anakonda. Mpe maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe au kijiko, akiwa wima, na mlo usizidi dakika 30. Ukitumia chupa, iwe ya plastiki laini inayobonyea: bonyeza anapovuta, achia anapopumzika. Maziwa yakitokea puani usiogope. Simamisha, mwinamishe mbele, futa, endelea. Humeza hewa nyingi, basi mcheulishe kila baada ya dakika chache.

Mdomo hushonwa kuanzia kama miezi mitatu mtoto akiwa na uzito wa kutosha, kwa kawaida karibu kilo tano, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, hufanya upasuaji huo. Mtoto aliyekonda hurudishwa nyumbani akanenepe kwanza, kwa hiyo ulishaji wa miezi hii ndio unaoamua tarehe ya kushonwa. Na asifichwe. Hili si laana wala kosa la mama.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mwili uliolegea

Hapa ndipo makosa ni mengi, na hapa ndipo marekebisho madogo hubadili mambo haraka.

Mkao. Jaribu mwenyewe: inua kidevu juu utazame dari, kisha meza mate. Ni vigumu. Sasa shusha kidevu kidogo kuelekea kifuani umeze tena. Mtoto alishwe hivyo: kichwa katikati, kidevu kimeshuka kidogo, mabega mbele, nyonga na magoti vimekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu. Aliye mdogo akae mapajani pako, goti lako moja likiwa juu zaidi ili nyonga zake zikunjike, mkono wako ukishika mabega kutoka nyuma. Mkono usishike kisogo, kwa sababu wengi wakiguswa kisogo husukuma kichwa nyuma kwa nguvu zote. Aliye mkubwa akalishwe kwenye kona ya ukuta juu ya mkeka, mito au blanketi zilizoviringishwa zikiwa pande zote mbili na nyingine chini ya magoti. Beseni la plastiki lenye blanketi ndani hufaa pia. Mlishaji akae chini, macho yake yawe sawa na ya mtoto au chini kidogo. Ukisimama, atainua uso kukutazama, na mkao wote utaharibika.

Taya. Mdomo usiofungika humwaga chakula. Ukiwa mbele yake, weka gumba kwenye kidevu chini ya mdomo, kidole cha shahada kando ya taya, na cha kati chini ya kidevu nyuma ya mfupa. Saidia mdomo ufungwe baada ya kijiko. Ni msaada tu, usiubane.

Kijiko. Kiwe kidogo, bapa, kisichovunjika, maana mtoto anayeuma ghafla atakata plastiki nyembamba. Jaza nusu. Mwonyeshe, ingiza kwa usawa kutoka mbele, kandamiza ulimi katikati taratibu kuelekea chini, ngoja midomo ifunge, kisha toa kwa usawa uleule. Kukwangua chakula kwenye meno ya juu huinua kichwa, na hakimfundishi kutumia midomo. Ulimi ukisukuma chakula nje, usidhani anakataa. Weka kijiko pembeni, kati ya shavu na fizi. Akiuma kijiko usivute. Shusha kidevu chake kidogo, ngoja, ataachia. Usiongeze kijiko kingine mpaka umeona koo likipanda na kushuka, na mdomo ukiwa mtupu.

Kunywa. Maji na chai ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu hukimbia kabla koo halijajiandaa. Chukua kikombe cha plastiki, kata nusu duara kwenye ukingo mmoja pa kupitisha pua, lainisha pa kukatia kwa msasa. Mtoto anywee upande usiokatwa, pua iingie kwenye pengo. Kikombe kitainama na kichwa kitabaki palepale.

Uzito wa chakula. Uji wa chai ya asubuhi, ule unaonyweka kwa kikombe, humpalia na haumshibishi. Pika vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ulezi au mahindi kwa mililita 250 za maziwa na maji nusu kwa nusu, uchemke vizuri, kisha ongeza kijiko kidogo kilichojaa cha karanga za kusaga na kijiko kidogo cha mafuta. Inamisha kijiko: uji unapaswa kubaki, kisha kudondoka kwa bonge. Ukitiririka, ni mwepesi. Ukiganda kama posho (ugali), hatauweza. Uji ukianza vizuri halafu ukawa maji katikati ya mlo, ni mate. Kijiko kinayatoa mdomoni na kuyarudisha bakulini, nayo huyeyusha wanga. Basi gawa uji kwenye bakuli mbili na utie sehemu ya pili baada ya ile ya kwanza kuisha.

Matooke yaliyopondwa moto na mchuzi wa karanga ni chakula kizuri sana kwa watoto hawa, laini na chenye kushikana. Yakipoa hukakamaa, hivyo pasha na uponde tena. Parachichi halihitaji hata jiko. Viazi vitamu na kiini cha yai hukaba vikiwa vikavu, vilainishwe kwa maziwa. Wali hutawanyika mdomoni. Kibaya kuliko vyote ni supu yenye vipande, kwani mtoto hulazimika kumeza maji huku anatafuna nyama.

Lisha mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, kila mlo dakika 30. Ukipita hapo, nguvu anazotumia kula huanza kuzidi anachopata. Baada ya kula akae wima dakika 20 hadi 30, mdomo uangaliwe na kufutwa. Akipata degedege, akisinzia au akilia, usimlishe.

Mtoto mwenye afya anayekataa chakula

Akifika miezi sita aanze vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe cha mililita 250, mara tatu au nne. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kizima, pamoja na vitafunio kimoja au viwili, akiendelea kunyonya. Lakini kiasi peke yake hakitoshi. Anayepewa uji laini tu mpaka mwaka na nusu hukataa chakula cha kutafuna kwa sababu mdomo wake haujawahi kukijua. Chakula chenye mabonge laini aanze kabla ya miezi kumi.

Mara nyingi chanzo kiko wazi ukikitafuta: chai na biskuti saa moja kabla ya mlo, soda, kunyonya mfululizo usiku kucha, kinyesi kigumu, minyoo, upungufu wa damu. Dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja na vitamini A kuanzia miezi sita hutolewa nchini Uganda Aprili na Oktoba. Mpe sahani yake mwenyewe. Anayekula sinia moja na kaka zake hupata kilichobaki, na hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Kitobero, yaani chakula cha mtoto cha mchanganyiko kinachopikwa pamoja, kinafaa sana. Loweka maharage usiku, yamenye maganda. Kwa mlo mmoja chukua vidole viwili vya matooke au kiazi kimoja, vijiko vikubwa viwili vya maharage hayo, kimoja cha karanga zilizopondwa, kimoja cha unga wa mukene (dagaa), na majani machache ya dodo (mchicha). Changanya na maji kidogo, funga kwenye jani la mgomba, pika kwa mvuke mpaka maharage yapondeke kwa vidole. Karanga zenye ukungu au uchungu tupa.

Chakula kipya kikikataliwa leo, kirudi kesho kutwa, kijiko kimoja tu, bila maneno mengi. Huenda kikarudi zaidi ya mara kumi kabla hajakikubali. Mwache ashike kwa mkono, achafuke. Usimpige, usimfukuze kwa kijiko uwanja mzima. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano.

Akikabwa

Anayekohoa kwa kelele na uso mwekundu anajisaidia, mwache aendelee, mwinamishe mbele. Aliyenyamaza ghafla, hatoi sauti na midomo inageuka rangi, amezibwa. Wa chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia mpaka kitoke. Wa zaidi ya mwaka: mara tano mgongoni, kisha msimamie nyuma, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Kidole kisiingizwe kinywani kutafuta usichokiona, kitakisukuma ndani.

Pa kwenda, na cha kubeba

VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, ana utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, aende kituoni siku hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 aanze kufuatiliwa. Walio katika hali mbaya hupokewa Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha Mulago. Kwa mkao, viti na mazoezi ya watoto wenye ulemavu, Katalemwa Cheshire Home, nje kidogo ya Kampala, wana uzoefu wa miaka mingi.

Beba kitabu cha kliniki, kijiko na kikombe mnachotumia nyumbani, na chakula chenyewe kwenye kibakuli. Rekodi mlo mmoja mzima kwa simu, uso na kifua vionekane pamoja, bila kumwandaa mtoto. Omba mtaalamu amwone akila, asitosheke na kupima uzito. Akisema alishwe kwa mpira wa puani, uliza utakaa muda gani, nani atakufundisha kuhakikisha uko tumboni kabla ya kila mlo, na lini ataanza tena kuonja kwa mdomo.